Mchoraji Aliyefuata Rangi Hadi Nairobi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo nimeitumia katika insha zangu tangu shule ya msingi bila kuifikiria sana. Niliifikiria kwa mara ya kwanza nilipopata habari za mgeni mmoja aliyeshuka kutoka garimoshi hapa Nairobi mwaka wa 1909. Mgeni huyo hakuja na bidhaa za kuuza wala hakutumwa na serikali. Alikuja na mke wake, watoto wawili, na mizigo yenye rangi na brashi. Jina lake ni Akseli Gallen-Kallela, mchoraji kutoka Ufini, nchi ya kaskazini mwa Ulaya ambako theluji hufunika ardhi miezi mingi kila mwaka.

Mhariri wa jarida letu alipotuagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu wengi walikimbilia Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza na Dedan Kimathi. Siwalaumu hata kidogo, maana hao ni majabali. Lakini mimi nimeshikwa na huyu Mfini hata usingizini, na nina sababu yangu. Sababu yenyewe ni babangu mzazi. Tulia msomaji mpenzi, usiwe na haraka, haraka haina baraka. Nitakueleza yote.

Mambo yalianza Jumamosi moja asubuhi. Mlezi wa Chama cha Kiswahili alikuwa ametualikia fundi mmoja wa hapa mtaani, yule hodari wa kuchora mabango ya maduka na ya vinyozi. Tulitakiwa kuandika insha ya wasifu kuhusu mandhari, na mwalimu alikuwa amechoka kusoma insha zetu zenye milima mirefu na mito inayotiririka ilhali sisi ni watu wa Njiru. Alitaka kwanza tujifunze kutazama. Basi fundi akatuchukua tukavuka Barabara ya Kangundo, tukapita vibanda vya mboga, tukatembea mpaka ukingoni mwa timbo.

Ninyi mnaokaa upande huu mnalijua timbo. Ni shimo kubwa kama uwanja wa mpira, kuta zake zimekatwa wima, na chini kabisa wanaume wanachonga mawe ya kujengea kwa nyundo na patasi. Lori zinaingia tupu na kutoka zikiwa zimelemewa. Vumbi limetanda kila mahali. Ukiinua macho kutoka humo shimoni unaona nyika ikienda mpaka Ruai na kuendelea, na mbali sana, siku isiyo na mawingu, unauona mlima wa Ol Donyo Sabuk umejilaza kama ng'ombe aliyeshiba. Mimi nimeishi hapo miaka kumi na sita na sikuwahi kuona kwamba hiyo ni picha.

Fundi hakuchora mara moja. Alituketisha juu ya mawe na kutuamuru tutazame tu, dakika kumi nzima, kimya. Kisha akatuuliza kivuli kilichokuwa shimoni kina rangi gani. Sote tulijibu kwa sauti moja kwamba ni cheusi. Akatucheka. Akatuambia tufumbe macho nusu, yaani tuyabane kama mtu anayetazama jua, halafu tuseme tena. Jamani, nilishangaa! Kivuli kilikuwa na rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau, kama bilinganya lililochujuka. Tangu hapo fundi akatupiga marufuku kutumia rangi nyeusi. Alisema kwamba mwenye kuchora kivuli kwa rangi nyeusi hajatazama, amekumbuka tu alichoambiwa.

Ndipo akabandika karatasi ya manila juu ya ubao na kuanza. Kwanza alipiga mstari mmoja mwepesi wa upeo wa macho, wala hakuuweka katikati bali juu kidogo, ili ardhi ipate nafasi. Akaanza na mbingu, rangi nzito juu, nyepesi kadiri inavyoshuka kukutana na nchi. Kisha akaweka mlima kwa samawati hafifu, akatufafanulia kwamba kitu kikiwa mbali hewa yote iliyo kati yako nacho hukifanya kipauke na kuingia usamawati. Baadaye akaja nyika kwa manjano na hudhurungi, na mwisho kabisa ukingo wa timbo, hapo karibu na miguu yetu, kwa rangi nzito zilizokolea. Kazi yote ilimchukua kama dakika arobaini. Alipomaliza, jua lilikuwa limepanda na timbo halikufanana tena na lile alilolichora. Alituambia hiyo ndiyo shida ya kazi yenyewe: mandhari hayamngoji mtu.

Mlezi wetu naye hakuja mikono mitupu. Alikuwa amechapisha picha kadhaa kutoka kwenye intaneti akazigawa kwetu. Moja ilikuwa ya Mlima Kenya. Tulidhani imechorwa na Mkenya wa siku hizi, maana rangi zilikuwa kali na mikono ya brashi ilionekana waziwazi. Kumbe! Ilichorwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na Mfini. Hapo ndipo nilipokutana na Gallen-Kallela, na tangu siku hiyo hatujaachana.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1865 katika mji wa Pori. Wakati huo Ufini haikuwa nchi huru. Ilitawaliwa na mfalme wa Urusi, na lugha ya watu wenye elimu na vyeo ilikuwa Kiswidi, si Kifini. Nyumbani kwao walizungumza Kiswidi pia, na jina alilopewa lilikuwa Axel Waldemar Gallén. Mwaka wa 1907, akiwa mtu mzima tena mwenye sifa, alilibadilisha jina likawa la Kifini. Sisi wanachama wa Kiswahili, tunaochekwa na wenzetu eti tunapoteza wakati na lugha ya sokoni, tuna la kujifunza hapo. Mwenzetu alikuwa na jina linalojulikana tayari, na bado aliona afadhali aitwe kwa lugha ya wananchi wake.

Sasa nije kwa lile lililonigusa. Baba yake alikuwa mwanasheria na mkuu wa polisi. Mtoto alipenda kuchora tangu utotoni, lakini baba hakutaka hata kusikia habari za mwanawe kuwa mchoraji. Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa shule ya Helsinki akasome masomo ya maana. Baba alifariki mwaka wa 1879. Mwaka wa 1881 kijana akaingia katika shule ya uchoraji ya Chama cha Sanaa cha Ufini, na njia yake ikafunguka.

Nilipofika hapo niliiweka karatasi chini. Babangu ni mchonga mawe. Anafanya kazi katika timbo lile lile tulilolichora. Mikono yake imekauka kama gome la mti na kifua chake kinakohoa usiku kwa sababu ya vumbi. Ananisomesha kwa mawe hayo, jiwe moja baada ya jingine, na hataki kabisa kuniona na penseli ya kuchorea. Muhula uliopita alikuta daftari langu la hesabu limejaa michoro ya matatu na punda. Hakunipiga. Alilitazama tu, akalifunga, akatoka nje akaketi kibarazani mpaka giza likaingia. Afadhali angenipiga. Basi niliposoma kwamba Gallen-Kallela alipata uhuru wake baada ya baba kufa, niliogopa. Nilijiuliza kama hakuna njia nyingine, maana sitaki penseli itakayonigharimu mzazi.

Tuendelee. Mwaka wa 1884 kijana huyo, hata miaka ishirini hajafikisha vizuri, alikwenda Paris, Ufaransa, kusoma katika chuo cha Académie Julian. Mwaka huohuo alichora picha ya mvulana wa kijijini akimtazama kunguru. Hakuna jambo kubwa ndani yake, hakuna mfalme wala vita, ni mtoto na ndege na nyasi tu. Lakini ukiitazama unatamani kujua kama yule kunguru ataruka.

Paris ya wakati huo ilikuwa na moto wake. Miaka kumi kabla, yaani mwaka wa 1874, kikundi cha wachoraji waliokuwa wakikataliwa mara kwa mara kwenye maonyesho makuu kilifanya maonyesho yake chenyewe. Mmoja wao, Claude Monet, alionyesha picha ya bandari alfajiri, jua jekundu likichomoza ndani ya ukungu, akaiita impresheni, yaani kile kinachogusa jicho kwa mara moja. Mwandishi mmoja wa gazeti akalichukua neno hilo kuwakejeli, akawaita waimpreshonisti. Nao wakalivaa jina la kejeli kama vazi la sikukuu. Walifanya maonyesho manane, ya mwisho mwaka wa 1886, kwa hiyo Gallen-Kallela alifika Paris moto huo haujazimika.

Waimpreshonisti walitoka nje ya vyumba wakachora juani na upeponi. Wachoraji wengi wa zamani walichukua vijipicha vya haraka nje, kisha wakakamilisha kazi ndani. Kilichosaidia ni kitu kidogo tu ambacho hata sisi tunacho mabegini: rangi iliyotiwa ndani ya tyubu ya bati, iliyobuniwa mwaka wa 1841. Kabla ya hapo mchoraji alilazimika kubeba rangi kwenye vibofu vya nguruwe. Walichora upesi, kwa mapigo mafupi ya brashi, wakaweka rangi safi kando kando bila kuzikoroga sana, wakakiacha kivuli kiwe samawati au zambarau. Ndiyo maana fundi wetu wa mabango, ambaye hakusoma Paris, alikuwa akitufundisha mambo yaleyale.

Chamani tulifanya mjadala mkali kuhusu watu hawa. Upande mmoja ulidai kwamba picha zao hazijakamilika, kwamba ni kama mtu aliyekimbizwa na mvua. Upande wa pili ulisema ndizo picha za kweli kabisa kwa sababu hakuna dakika inayokaa. Maoni yangu ni haya. Monet namheshimu sana. Kati ya 1890 na 1891 alizichora lundo za nafaka karibu na kwake tena na tena, asubuhi, adhuhuri, jioni, wakati wa theluji, na kila picha ni tofauti. Mtu angesema ameishiwa na vitu vya kuchora. Mimi nasema alikuwa anachora saa, si nafaka. Renoir ananichosha kidogo. Kwake kila mtu ana mashavu mekundu na hakuna anayeonekana kulala njaa. Ninayempenda kuliko wote ni Camille Pissarro, aliyezaliwa mwaka wa 1830 katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibi. Yeye aliwachora wakulima wakiinama mashambani bila kuwapamba. Na kumbe naye baba yake alimtaka abaki dukani! Hata babaye Monet, aliyekuwa mfanyabiashara mjini Le Havre, alitaka mwanawe aingie katika biashara. Yaani duniani kote, kila penye penseli pana baba anayekunja uso.

Gallen-Kallela hakuwa mwimpreshonisti. Aliyaona yao, akachukua lililomfaa, akaenda zake. Yeye alipenda mstari ulio wazi na umbo linalosimama imara. Katika picha yake ya ziwa Keitele ya mwaka wa 1905, maji yote ni ya kijivu na ya fedha, na juu yake upepo umepitisha michirizi kama mtu aliyeburuta kidole kwenye vumbi la meza. Leo moja ya picha alizochora za ziwa hilo iko katika Jumba la Taifa la Picha mjini London.

Jina lake kwao lilikua hasa kwa sababu ya Kalevala. Hizo ni tenzi za Wafini zilizokusanywa kutoka kwa waimbaji wa vijijini na daktari aitwaye Elias Lönnrot, na kuchapishwa mwaka wa 1835, kisha zikapanuliwa mwaka wa 1849. Kwao Kalevala ni kama kwetu utendi wa Fumo Liyongo: mashujaa, nyimbo, hila na vifo. Mwaka wa 1890 alimwoa Mary Slöör, na safari yao ya fungate ikawa ya kwenda Karelia, nchi ya tenzi zenyewe. Huko alitazama nyumba, nguo na nyuso, ili mashujaa wake wasiwe wa kubuni tu.

Lakini duniani hakuna raha isiyo na karaha. Mwaka wa 1895 alikuwa Berlin, Ujerumani, akifanya maonyesho pamoja na Edvard Munch wa Norwe, alipopata simu ya maandishi kwamba bintiye Marjatta amefariki kwa dondakoo. Alirudi nyumbani mtu mwingine. Wanaojua kazi zake husema kwamba tangu hapo picha zake zikawa na mistari mikali na huzuni isiyofichika. Mwaka wa 1897 alichora picha ya Mama wa Lemminkäinen. Katika utenzi, kijana Lemminkäinen ameuawa na mwili wake kutupwa katika mto wa wafu. Mama yake anauokota vipande vipande kwa reki, anauunga, anasubiri nyuki alete asali ya kumfufua. Picha inaonyesha mama ameketi kando ya maiti ya mwanawe, uso ameuinua juu. Mama mzazi wa mchoraji ndiye aliyekaa akachorwa. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini nilimfikiria mamangu.

Mwaka wa 1900, katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, alichora dari ya banda la Ufini kwa hadithi hizo za Kalevala. Fikiria wewe: nchi iko chini ya Urusi, haina bendera yake, lakini ina banda lake na dari yenye mashujaa wake. Ni kama kumwambia mtawala, kwa upole, kwamba sisi tupo.

Sasa tufike nyumbani. Mwaka wa 1908 alihamia Paris tena pamoja na jamaa yake, lakini hakukaa sana. Mwaka wa 1909 wakapanda meli kuja Mombasa, kisha reli ikawaleta bara. Watoto wao walikuwa Kirsti, aliyezaliwa 1896, na Jorma, aliyezaliwa 1898. Nairobi wakati huo ilikuwa mji mchanga sana. Reli ilikuwa imefika hapa mwaka wa 1899 tu. Kabla ya kuingia mjini, garimoshi kutoka Mombasa hupita kwenye nyika ya Athi, na nyika hiyo ndiyo inayoendelea mpaka huku kwetu. Kwa hiyo mtu aliyezoea kijivu cha ziwa na weupe wa theluji aliingia ghafla katika manjano ya nyasi kavu, wekundu wa udongo na jua la utosini.

Alikaa Kenya zaidi ya mwaka mmoja, na katika muda huo alichora takriban picha 150. Hebu piga hesabu: ni kama picha mbili kila juma, pamoja na safari na uwindaji. Nyingi ni ndogo, zimechorwa upesi kwa rangi za mafuta. Alichora Mlima Kenya, nyika, miti na watu wa huku. Na hapa ndipo ninapodai kwamba alipata jambo ambalo wale wa Paris hawakulipata. Mwanga wa Ufaransa una ukungu; unalainisha vitu. Mwanga wetu wa saa saba mchana haulainishi kitu, unakata. Kitu kiko juani au kiko kivulini, hakuna katikati. Gallen-Kallela aliliona hilo, akaacha rangi zake za kijivu, akaweka rangi ya chungwa kando ya zambarau bila kuomba radhi. Mtu wa miaka arobaini na minne, bingwa kwao, alikubali kuanza upya kama mwanafunzi. Hilo si jambo dogo. Wengi wetu tukipata A moja tu hatutaki tena kuulizwa swali.

Lakini sitamsifu kama mtu asiye na doa, kwani msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Gallen-Kallela alikuja pia na bunduki. Mwaka huo wa 1909 ndio Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuja kuwinda hapa, na wageni wengi walikuwa na kichaa hicho. Mchoraji wetu naye aliwaua wanyama wengi. Alikusanya pia vyombo, mapambo na silaha za watu wa huku, akarudi navyo kwao. Zaidi ya hayo, yeye aliyetoka nchi iliyotawaliwa na wengine alisafiri kwa raha katika nchi iliyotawaliwa na wengine, wakati ambapo sheria ya mwaka wa 1902 ilikuwa imekwisha kuwapa walowezi mlango wa kuchukua ardhi. Mkono uliowachorea Wafini uhuru wao haukuchora habari hiyo yetu. Jicho linaweza kuona rangi zote za nyika na bado likapitwa na jambo. Nasema hivi si kwa chuki bali kwa sababu nimempenda, na umpendaye humfichi kosa lake.

Aliporudi Ufini alijenga nyumba yake ya Tarvaspää, karibu na Helsinki, kati ya 1911 na 1913. Nchi yake ilipata uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Mwaka wa 1918 alishiriki katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akapewa kazi ya kubuni sare, nishani na bendera za taifa jipya. Kati ya 1923 na 1926 alikuwa Marekani, akapita Chicago na Taos. Mwaka wa 1928 alipamba dari ya ukumbi wa Makumbusho ya Taifa mjini Helsinki kwa hadithi za Kalevala, safari hii akisaidiwa na mwanawe Jorma, yule yule mtoto aliyekimbia katika nyasi za Kenya. Tarehe 7 Machi 1931, akitoka kutoa mhadhara Copenhagen, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu mjini Stockholm, Uswidi, akiwa na umri wa miaka 65. Nyumba ya Tarvaspää ikawa makumbusho yake tangu mwaka wa 1961.

Hilo la Jorma ndilo lililonipa moyo. Baba wa kwanza alizuia. Huyu wa pili alimpa mwanawe brashi wakapanda jukwaani pamoja. Nikajiambia kwamba huenda mambo hubadilika katika kizazi kimoja tu. Basi nikaamua kuchora timbo, nikamwonyeshe mzee. Liwalo na liwe.

Nilirudi ukingoni peke yangu Jumamosi tatu mfululizo, saa nane mchana, na rangi za maji na manila. Nilifuata yote ya fundi: upeo juu kidogo, mlima samawati, hakuna nyeusi. Nilimweka babangu shimoni, mdogo kama kidole gumba, nyundo imeinuliwa. Jioni ya Jumapili, alipokwisha kunywa chai, niliiweka picha mezani mbele yake na kurudi nyuma hatua mbili, karibu na mlango.

Aliitazama kwa muda mrefu mno. Akaisogeza kwenye taa. Halafu akaniuliza niliichora saa ngapi. Nikamjibu ni saa nane. Akatikisa kichwa, akasema mawe yangu yamekosewa. Jiwe likitoka tu ardhini, alisema, bado lina umajimaji, huwa la kijivu kilichokolea, karibu na kijani. Likikaa juani ndipo linapopauka, na baada ya siku kadhaa huwa jeupe kama nilivyolifanya. Mimi nilikuwa nimeyapaka yote weupe mmoja, lile lililotoka dakika hiyo na lile la juma lililopita. Akanionyesha kwa kidole chake kilichopasuka: hili hapa la leo, hili la jana, lile lisogeze, hakuna fundi anayerundika mawe namna hiyo.

Nilibaki mdomo wazi. Miaka yote hii nimeishi na mtu anayejua saa na siku kwa kutazama rangi ya jiwe, na mimi nilikuwa nikimtafuta Monet mbali!

Sitawadanganya kwamba babangu amekubali niwe mchoraji. Bado anataka nisomee uhandisi, na mimi sijamkatalia, maana hata Gallen-Kallela alijenga nyumba. Lakini Jumamosi iliyofuata alinichukua mwenyewe tukashuka mpaka chini ya timbo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla lori hazijaanza, akanionyesha mawe yanavyokuwa na usamawati alfajiri. Picha ya pili iko nusu. Mzee ameiuliza mara mbili.

Ombi langu kwa walimu wetu ni kwamba, hata kama shule yetu haina somo la sanaa, tupewe Jumamosi moja tu kila mwezi ya kwenda kutazama. Na kwako mwanafunzi mwenzangu unayeona aibu kusema unatoka Njiru, panda ukingoni mwa timbo kukipambazuka, bana macho kidogo, useme umeona rangi ngapi. Mtu alivuka bahari kuja kuzitafuta rangi hizo. Sisi tunapita juu yake kila siku tukienda shule.

Wino umenikaukia, nakomea hapo.